Blondie, Mike Chapman na wiki sita za 1978: nani aliuza nini kwenye Parallel Lines

Kuna tuhuma imewaganda Blondie tangu 1979 na mpaka leo wapenzi wa roki wanairudia, kwamba hawa jamaa walitoka klabu ya CBGB ya New York wakiwa bendi ya kweli, wakakutana na prodyuza wa hela, wakageuka watu wa disko. Yani waliuza walichokuwa nacho wakalipwa namba moja. Mi nimeirudia Parallel Lines kwa mpangilio wake, wimbo wa kwanza hadi wa kumi na mbili bila kuruka, na kadiri ninavyoisikiliza ndo ninavyozidi kuona hiyo tuhuma haina miguu. Kilichobadilika kwenye hii albamu ni kazi, ladha ilikuwepo zamani sana. Nataka nikieleze kisa chote maana ukijua kilivyoenda, hata nyimbo ambazo umezichoka redioni zinaanza kusikika upya.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Debbie Harry, mwimbaji, na Chris Stein, mpiga gitaa, walianzisha bendi New York mwaka 1974 baada ya kutoka kwenye kundi la Stilettoes. Maskani yao ikawa CBGB, klabu ya Hilly Kristal pale Bowery, mtaa ambao enzi hizo ulikuwa wa walevi na gesti za bei ya chini kabisa, na kwenye jukwaa hilohilo dogo walikuwa wanapokezana na Ramones, Television, Talking Heads na Patti Smith. Kwenye hiyo orodha Blondie walikuwa wanahesabiwa mwisho. Television walikuwa na magitaa, Patti Smith alikuwa na mashairi, Ramones walikuwa na spidi, sasa Blondie wakaonekana ni wale wanaopenda nyimbo za vikundi vya mabinti wa miaka ya sitini, halafu upigaji wenyewe haueleweki, leo wako moto kesho wameharibu. Wengi hawakudhani hao ndo wangekuja kuuza rekodi kuliko wenzao wote.

Na Harry hakuwa binti mdogo aliyeokotwa na kampuni akavalishwa, hili watu wanalisahau. Amezaliwa Julai 1945. Alishakuwa sekretari kwenye ofisi ya BBC ya New York, alishahudumia meza Max's Kansas City, alishafanya kazi Playboy Club, na Parallel Lines inatoka Septemba 1978 yeye ana miaka 33. Mtu mzima ambaye ameshaona jiji linavyofanya kazi. Ile sauti yake ya kuonekana kama hajali, mi naisikia kama sauti ya mtu anayejua kabisa anatazamwa na ameshaamua atatazamwaje.

Albamu ya kwanza ilitoka mwisho wa 1976 kwa kampuni ndogo ya Private Stock, prodyuza Richard Gottehrer. Marekani haikwenda popote. Australia ndo kukatokea jambo, kipindi cha TV cha Countdown kilitakiwa kipige video ya "X Offender" wakapiga "In the Flesh" kimakosa, na huo wimbo wa taratibu ukapanda mpaka namba 2. Kampuni ya Chrysalis wakawachukua kutoka Private Stock, wakatoa Plastic Letters mwanzoni mwa 1978, "Denis" ikafika namba 2 Uingereza. Kwahiyo picha ikoje katikati ya 1978: Australia wanawajua, Uingereza wanawapenda, nyumbani kwao Marekani hawana hata wimbo mmoja kwenye chati. Bendi ya New York ambayo New York nje ya mitaa michache haiijui.

Hapo ndo anaingia Mike Chapman. Mwaustralia kutoka Queensland, yeye na Nicky Chinn walikuwa wameandika nyimbo za chati za Uingereza nusu ya kwanza ya miaka ya sabini kama hawana kazi nyingine, za Sweet, za Suzi Quatro, za Mud, halafu za Smokie. Ile "Living Next Door to Alice" ya Smokie ni yao hao wawili. Na mwaka huo huo wa 1978 Chapman alikuwa anatengeneza vitu ambavyo vingefika namba 1 Marekani ndani ya msimu mmoja, "Kiss You All Over" ya Exile na "Hot Child in the City" ya Nick Gilder. Ukiweka hiyo orodha mezani kwa mtu wa CBGB anakimbia. Alikuwa mtu wa redio kuanzia kichwani hadi miguuni, na Blondie wenyewe hawakuwa na raha na wazo la kufanya naye kazi.

Waliingia pamoja studio ya Record Plant, New York, Juni 1978. Chapman amesimulia mara nyingi alichokikuta na hajawahi kupamba. Kwa maelezo yake ilikuwa bendi dhaifu kimuziki kuliko zote alizowahi kufanya nazo kazi, hawapendani isipokuwa Chris na Debbie, wanachukulia maisha kitoto, wanataka raha na hawataki kutoka jasho kuipata. Kwa Frank Infante peke yake ndo alisema kuna mpiga gitaa hasa. Clem Burke kwenye drams alikuwa na nguvu za ajabu ila anakimbia na tempo, anapiga kama Keith Moon, yule mpiga drams wa The Who, kila wimbo hata usiohitaji. Nigel Harrison, Mwingereza aliyekuja kushika besi, alichoka na kurudiarudia mpaka inasimuliwa alimrushia Chapman sintesaiza. Kinanda kizima hicho, hewani.

Kampuni ilikuwa imetenga miezi sita. Chapman alimaliza ndani ya wiki sita.

Hizo namba mbili kwa pamoja zinachanganya, kwasababu ukisikia mtu analazimisha watu warudie sehemu moja siku nzima unategemea kazi ichukue mwaka. Ila alichofanya ni kuua ule muda wa kuzurura studio. Wanaingia wanajua leo kinapigwa nini, kinapigwa mpaka kikae, kikikaa hakiguswi tena. Bendi za mtaa ule zilikuwa na imani kwamba ukirudia sana unaua roho ya wimbo, na naielewa hiyo imani, albamu mbili za kwanza za Blondie zina uchangamfu fulani ambao siupuuzi. Lakini weka "X Offender" karibu na "Hanging on the Telephone" usikilize kimoja baada ya kingine. Kwenye ya pili hakuna kitu kimelegea. Inaanza na mlio wa simu, tena mlio wa simu za Uingereza, halafu Harry anaingia papo hapo, hakuna utangulizi wa gitaa, hakuna kusubiri, na kwa dakika mbili na sekunde kadhaa mtu haruhusiwi kupumua. Ile presha unayoisikia inatokana na watu watano waliokwisha choka kurudia kitu kimoja na sasa wanakipiga kwa hasira huku kila mmoja yuko mahali pake.

Huo wimbo wenyewe ni wa Jack Lee, aliurekodi na bendi yake ya The Nerves mwaka 1976 kwenye rekodi ndogo ya nyimbo nne ambayo haikusikika nje ya duara dogo. Kanda ilifika kwa Blondie kupitia Jeffrey Lee Pierce, aliyekuja kuanzisha bendi ya The Gun Club, na stori ni kwamba waliicheza ndani ya teksi Tokyo, dereva ambaye labda hakuelewa neno hata moja akaanza kugonga usukani kwa mdundo, hapo wakajua. Lee alisimulia kwamba alipopigiwa simu kwamba Blondie wanautaka, siku hiyo hiyo umeme na simu kwake vilikuwa vinaenda kukatwa. Amefariki 2023. Ana nyimbo mbili humu ndani, hiyo na "Will Anything Happen?", na kila nikisikia mtu anasema Parallel Lines ni ya Harry na Chapman peke yao natamani jina lake litajwe kwanza, maana mlango wa albamu nzima ameutengeneza mtu ambaye hakuwa hata kwenye bendi.

Turudi studio, kwa Harry. Chapman alijua hawezi kumpeleka kama alivyowapeleka wanaume, alisema mwenyewe kwamba Harry alikuwa mtu wa hisia nyingi sana kwenye sauti yake na hakutaka kumsukuma mpaka avunjike, na bado kuna siku alikuwa anakimbilia bafuni analia saa nzima nzima. Mashairi mengine yalikuwa hayajaisha wakati maikrofoni imeshawashwa. Alikuwa amelala sakafuni pale studio na karatasi, anaandika, anafuta, anasimama anaimba. Ukisikiliza "Picture This" ile sehemu ya mwishoni sauti inapoacha utamu na kuanza kunguruma, hiyo siyo mbinu ya mtu aliyejipanga wiki nzima. Huo ndo wimbo naupenda kuliko wote humu, zaidi hata ya ule unaojulikana, na sijui kwanini uliishia namba 12 Uingereza.

Sasa twende kwenye kiini cha kesi, "Heart of Glass".

Tuhuma inasema disko lililetwa na Chapman. Angalia tarehe. Mwaka 1975, wakiwa hawana mkataba wala hela, Blondie walirekodi demo na Alan Betrock, na ndani ya demo hizo kuna wimbo wanauita tu "The Disco Song", jina lingine "Once I Had a Love". Ndo huo huo. Harry na Stein wamesema waziwazi walikuwa wanaisikiliza sana "Rock the Boat" ya Hues Corporation ya 1974. Kwahiyo wimbo ulikuwepo kabla ya filamu ya Saturday Night Fever, kabla disko halijawa biashara ya kila kampuni, umeandikwa na watu wa Bowery kwa mapenzi yao. Waliujaribu kama balladi, waliujaribu kwa rege, hawakuupatia, wakauacha ukalala miaka mitatu.

Ushahidi mwingine: Mei 1978, wiki chache tu kabla ya kuingia Record Plant, CBGB kulikuwa na shoo za kuchangia matibabu ya Johnny Blitz, mpiga drams wa Dead Boys, bendi ya panki, aliyechomwa kisu. Blondie wakapanda wakapiga "I Feel Love" ya Donna Summer. Ndani ya CBGB! Kwa ajili ya mtu wa Dead Boys! Chapman hayupo, kampuni haipo, hakuna anayelipwa. Huwezi kumwambia mtu kauza imani yake kwa kitu alichokuwa anakiimba bure kwenye madhabahu ya imani hiyohiyo.

Kwahiyo Chapman alifanya nini? Mazoezini aliwauliza mna nini kingine, wakamtajia kwa aibu kidogo kwamba kuna huo wa disko, akausikia, akamuuliza Debbie anapenda waimbaji gani, akajibu Donna Summer. Akasema basi twende huko moja kwa moja, tuache kuzunguka. Jina la "Heart of Glass" nalo lilikuja hapo, maana "Once I Had a Love" aliliona halibebi wimbo.

Halafu ikaja kazi, na hapa inabidi nieleze kidogo jinsi ilivyofanyika maana wengi wanadhani waliwasha mashine wakaenda kula. Walikuwa na Roland CR-78, mashine ya drams ambayo ilikuwa imetoka mwaka huo huo, ndo ile tiki-tiki unayoisikia mwanzo kabisa kabla ya kitu chochote. Ilikuwa na midundo iliyotengenezwa tayari, unabonyeza inacheza, na ilikuwa na uwezo wa kutuma pigo la umeme kwenda kwenye sintesaiza ya Jimmy Destri, mpiga kinanda wao, ili ile sauti ya kudundadunda iende sawa na mashine. MIDI, ile njia ya kuunganisha vyombo vya umeme viende pamoja, haipo, itakuja 1983. Kompyuta ya kunyoosha mapigo baadae haipo. Kwahiyo mtu wa nyama na damu ndo inabidi awe sawa na mashine kwa dakika zote, na huyo mtu ni Clem Burke, yule yule wa kukimbia na tempo.

Chapman alimrekodisha vipande vipande. Dramu kubwa ya mguu peke yake mwanzo mpaka mwisho. Imekaa, twende snea. Imekaa, twende haihati. Stein amesema ilichukua zaidi ya saa kumi kuipata. Fikiria mpiga drams ambaye ufundi wake wote ni kurusha mikono na miguu kwa pamoja, umemkalisha anapiga mguu tu, dum dum dum dum, masaa, na ukiteleza kidogo rudi mwanzo. Burke alikuwa mpenzi wa muziki mpana, aliisikia "Stayin' Alive" na alipenda ule mkazo wake, kwahiyo hakuwa mgeni wa lugha hiyo, ila kwa mujibu wa Destri mwanzoni alikataa kuupiga jukwaani, mpaka ulipokuwa mkubwa akasema basi itabidi. Siwezi kumlaumu hata kidogo.

Na matokeo yake ni nini? Wimbo wa disko ambao sio wa disko. Mdundo umenyooka kabisa kama wa mashine, lakini juu yake kuna gitaa la watu wa roki linalopita kwenye mwangwi, kinanda kinachotoka kwa Kraftwerk, Stein na Destri wote walikuwa wanawasikiliza sana wale Wajerumani, na sauti ya Harry ambayo haiombi kitu. Waimbaji wa disko wa wakati ule wanakupa kila kitu, wanapaa. Harry yuko juu kwenye noti lakini baridi. Anasimulia mapenzi yaliyomvunja kana kwamba anamsomea mtu risiti. Halafu kuna ile sehemu ya katikati bila maneno ambapo hesabu inaruka, pigo moja linakosekana, ukiwa unacheza mguu wako unabaki hewani. Mtu aliyekuja kuuza tu angeinyoosha hiyo sehemu. Waliiacha.

Tuachane na wimbo huo maana umekula nafasi kubwa, na ndo tatizo la albamu hii, wimbo mmoja umefunika kumi na moja.

"One Way or Another" kila mtu anaujua, na kizazi cha One Direction kiliujulia 2013 walipouchanganya na "Teenage Kicks" kwa ajili ya Comic Relief, kampeni ya hisani ya Uingereza. Kwao ulitoka kama wimbo wa vijana wachangamfu. Asili yake ni kwamba Harry aliwahi kufuatwafuatwa na mpenzi wa zamani kule New Jersey mpaka akahama. Alichofanya kwenye wimbo ni kuchukua nafasi ya mfuatiliaji, yeye ndo anayekuwinda, anakuona, anakupita nyumbani, na mwishoni anakupeleka mpaka kaunta ya supamaketi halafu anapotelea kwenye umati. Anageuza woga wake kuwa silaha na bado unaimbika. Watu wanaucheza harusini. Gitaa lile la mwanzo ni la kishari kabisa, na Chapman hakulilainisha.

"Fade Away and Radiate" ni wa Stein, taratibu, kuhusu kulala mbele ya TV unatazama waigizaji waliokwisha kufa, na gitaa linalolia mle ni la Robert Fripp wa King Crimson. Hapa ndo unaona albamu ina uwanja mpana kiasi gani, mtu wa roki ya kiufundi ya Uingereza amekaa kwenye rekodi ya bendi ya panki inayotengenezwa na mtu wa Smokie, na wimbo unamalizikia kwenye mdundo wa rege bila kuaga. "Sunday Girl", nao wa Stein, uliandikwa kumfariji Harry baada ya paka wake kutoroka wakati wako ziara, paka aliitwa Sunday Man, na ukaenda kuwa namba 1 Uingereza Mei 1979. "11:59" ya Destri ni spidi tupu na kinanda, na pale ndo Chapman alimfungulia Burke mlango akapiga anavyotaka, sikiliza rolo zake. Nasema hivi kwa wanaodhani Chapman alimfunga yule jamaa kamba: alimfunga kwenye wimbo mmoja uliohitaji, kwingine alimwacha. Burke amefariki Aprili 2025 na ukitaka kujua alikuwa nani, anza na "11:59" kabla hujafika kwenye wimbo wa disko.

Sisemi zote ni dhahabu. "I Know But I Don't Know" ya Infante inafunga upande A na mi kila mara naona inapunguza moto, wazo moja limevutwa mpaka limechakaa. "I'm Gonna Love You Too" ya Buddy Holly ni nzuri ila ni ya kupita tu, na cha kushangaza hiyo ndo Chrysalis waliichagua kuwa singo ya kwanza Marekani. Ikafa pale pale. Wana "Hanging on the Telephone" mkononi, wana "Heart of Glass" mkononi, wanatoa hiyo.

Ila hilo linaendana na kilichotokea kazi ilipopelekwa kampuni. Waliposikilizishwa, jibu la Terry Ellis, mmoja wa waanzilishi wa Chrysalis, lilikuwa hasikii wimbo wa kupanda chati humu. Humu! Chapman na bendi wakakataa kurudia, wakasema hii ndo hii. Kwangu hiyo ndo dakika ambayo tuhuma nzima ya kuuza inakufa rasmi. Kama ilikuwa biashara iliyopangwa mezani na kampuni, basi kampuni haikuwa na habari. Watu sita na prodyuza wao waliochokana kwa wiki sita, siku hiyo walisimama upande mmoja.

Kava nalo lina kesi yake. Mnaijua, mistari myeupe na myeusi, wanaume watano kwenye suti nyeusi wanatabasamu, Harry katikati na gauni jeupe, mikono kiunoni, hatabasamu. Picha ni za Edo Bertoglio. Bendi hawakuitaka ile picha, meneja wao Peter Leeds ndo aliipitisha, na wanaume waliona wamefanywa mapambo ya mtu mmoja wakati wenyewe walikuwa wanahangaika kuwaambia watu Blondie ni jina la kundi. Uhusiano wao na Leeds haukudumu baada ya hapo. Naelewa uchungu wao, tena sana, mtu kakaa anapiga mguu saa kumi halafu kwenye kava yeye ni mstari tu. Lakini kava lenyewe ni zuri, na kule kutotabasamu kwa Harry kunabeba albamu yote: wimbo mtamu, uso mkavu.

Singo zilienda hivi Uingereza, "Picture This" 12, "Hanging on the Telephone" 5, halafu "Heart of Glass" ikatoka Januari 1979 ikakaa namba 1 wiki nne, na albamu yenyewe ikapanda namba 1 Februari, ikamaliza mwaka ikiwa albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza kwa 1979. Marekani "Heart of Glass" ilifika namba 1 mwisho wa Aprili, albamu ikaishia namba 6. Bendi iliyokuwa haina kitu nyumbani.

Na hapo ndo kelele zikaanza. Stein amesema watu walikasirika kweli kuona bendi ya roki imeleta midundo ya aina nyingine, na kwake disko lilikuwa sehemu ya R&B tu, muziki aliokuwa anaupenda siku zote. Kumbuka mwaka wenyewe, Julai 12, 1979, uwanja wa Comiskey Park kule Chicago watu walijazana kulipua santuri za disko katikati ya mechi za besiboli. Muziki waliokuwa wanaulipua ulikuwa kwa sehemu kubwa wa watu weusi, Walatino na mashoga wa mijini, na chuki ile ilienda mbali zaidi ya ladha. Kwahiyo mtu anaposema Blondie walisaliti roki, lazima uulize walisaliti kwa kwenda wapi, na kwanini kwenda huko kuwe ni kushuka. Mi naona walikuwa na ujasiri kuliko wenzao waliobaki wamevaa jaketi za ngozi. Mwaka uliofuata walifanya "Call Me" na Giorgio Moroder, yule yule aliyetengeneza "I Feel Love" waliyoipiga CBGB, na 1981 wakafikisha namba 1 wimbo wenye rap ndani yake, "Rapture". Huo mwendo ulianza kwenye demo ya 1975.

Swali gumu zaidi, na hili sijalimaliza, ni gharama. Chapman aliendelea nao mpaka mwisho, walivunjika 1982. Mtindo wake wa kazi uliwapa mkono wa chuma ambao wao wenyewe hawakuwa nao, lakini bendi haikujifunza kuishi pamoja, ilijifunza tu kurekodi pamoja. Zile chuki alizozikuta Juni 1978 hazikutibiwa, zilifunikwa na mafanikio. Infante alikuja kufungua kesi mahakamani akidai anatengwa na bendi yake mwenyewe. Sidhani prodyuza alikuwa na wajibu wa kutibu hayo, kazi yake ilikuwa rekodi, na rekodi aliitoa. Mwaka 2024 Maktaba ya Bunge ya Marekani iliiingiza kwenye rejista yake ya rekodi za kuhifadhiwa, na inastahili.

Kitu cha mwisho, cha vitendo, kwa anayetaka kuirudia. "Heart of Glass" iliyokuwa kwenye santuri za kwanza za 1978 ni ya dakika 3 na sekunde 54. Baada ya wimbo kulipuka, matoleo yaliyofuata yalibadilishwa yakawekwa ile ndefu ya disko ya 5:50, na hiyo ndo wengi wetu tumeikuta. Ndefu ni tamu klabu, ila ndani ya albamu inakaa vibaya, unatoka "Sunday Girl" nyepesi ya dakika tatu unaingia kitu cha karibu dakika sita, halafu Buddy Holly inayofuata inasikika kama imesahauliwa pale. Ile fupi inapita kama mwenzao, wimbo mmoja kati ya kumi na mbili, na upande B mzima unakimbia bila kukwama mpaka "Just Go Away". Angalia urefu kwanza kabla hujabonyeza, chukua ya 3:54.